Jumla imekubali, watu wamepishana: majedwali mawili ya maziwa, Rungwe

Kisa hiki kilianza na mama mmoja aliyerudisha hela.

Kikundi ni cha wafugaji wa ng'ombe wa maziwa upande wa Rungwe, ukiiacha barabara ya Uyole kwenda Tukuyu na kupanda kidogo kwa bodaboda. Jina la kikundi silitaji, na majina ya wanachama hapa chini nimeyabadilisha yote. Wako 112. Asubuhi na jioni wanapeleka maziwa kituoni, karani anapima na kuandika lita, na kila siku 14 zikitimia wanalipwa kwa simu. Mwanachama namba 45, mwenye ng'ombe mmoja tu anayekamuliwa, alikuwa amepeleka lita 91. Simu ikamwingizia hela ya lita 203. Akamfuata katibu ofisini: "Mwanangu, ng'ombe wangu siku hizi anakamuliwa na malaika?"

Ofisini wakaangalia. Jumla ya lita kwenye daftari la kituo na jumla ya lita kwenye orodha ya malipo zilikuwa sawasawa. Hela iliyotoka ilikuwa sawa na lita mara bei. Mhasibu akapitia wanachama kumi wa kwanza, mmoja mmoja, kidole juu ya karatasi. Wote sawa. Akaongeza kumi wengine. Sawa. (Huyu mhasibu ni mtu makini na si mwizi, naliweka hilo mapema kwa sababu kijijini maneno yalishaanza kutembea.) Mama akaambiwa hesabu haina shida, labda yeye ndiye kasahau alichopeleka. Siku mbili baadaye wakaja watu saba ambao hawakusahau kitu. Hao walikuwa wamepunjwa.

Katibu akanipigia. Nina kibanda cha stationery pale Mwanjelwa, natoa kopi, nachapa barua, na kwa sababu nilishawahi kumwokolea faili zake mbili tatu ananichukulia kuwa daktari wa kompyuta. "Kaka, njoo uone, mimi naona kila kitu kiko sawa na watu wanalia." Nikamwomba jambo moja kabla sijafunga kibanda: faili zote mbili, ya daftari la kituo na ya malipo, azihifadhi kama CSV, anitunzie nakala kwenye flashi, na asiifungue hata moja tena kwa Excel.

Hilo la mwisho lilimshangaza, acha nilieleze. CSV ni maandishi matupu: kila mtu ana mstari wake, na koma inatenganisha safu. Hakuna rangi, hakuna fomula, hakuna kilichofichwa. Ukiibofya mara mbili ikafunguka kwenye Excel, unachokiona si faili bali tafsiri ya Excel juu ya faili. Namba ya simu inayoanza na sifuri inapoteza sifuri yake, kwa kuwa imesomwa kama hesabu. Namba ya NIDA, ya kitambulisho cha taifa, ina tarakimu 20, na Excel inatunza tarakimu 15 tu za namba. Ikiwa imeandikwa bila vistari, tano za mwisho zinageuka sifuri. Ukishahifadhi juu yake, zimekwenda. Orodha ya malipo ilikuwa na simu na NIDA vyote viwili. Sikutaka uchunguzi wetu uharibu ushahidi.

Nilifika saa nane mchana, mvua ile ya Rungwe isiyo na haraka, umeme umekatika. Laptopu yangu ya mtumba ina betri ya saa moja na nusu. Mwenyekiti alikuwepo, nikampa shikamoo yake, akajibu kisha akaniambia "ugonile", salamu ya Kinyakyusa, ili nijue niko kwa nani. Wazee watatu wakavuta mabenchi nyuma yangu. Nikakuza herufi ili na wao wasome, na uamuzi huo mdogo wa adabu ndio ulionigharimu, kama utakavyoona.

Faili zenyewe

Ya kwanza nikaiita daftari.csv. Karani wa kituo anaichapa mwenyewe kwenye Notepad, maana kompyuta ya kituo haina Excel: namba, jina, kisha siku 14. Safu 16. Mpangilio ni wa namba ya uanachama, yaani nani alijiunga kwanza.

Ya pili, malipo.csv, anaitengeneza mhasibu kwenye Excel: namba, jina, kijiji, simu, NIDA, lita, kiasi. Lita anazijumlisha kutoka daftari la karatasi kwa kikokotoo.

Hatua ya kwanza haikuwa kulinganisha. Jedwali la maandishi likiwa na mstari mmoja wenye safu pungufu au zaidi, kila utakachokifanya baadaye ni uongo. Kuna waraka wa kiufundi wa Oktoba 2005, RFC 4180, unaoeleza CSV inavyotakiwa kukaa, na mojawapo ya mambo yake ni hilo: kila mstari uwe na idadi ileile ya safu, na thamani yenye koma ndani ifungwe kwa alama za kunukuu. Kwa awk, programu ndogo inayosoma maandishi mstari kwa mstari, nikauliza faili ni mistari ipi haina safu 16:

    awk -F, 'NF != 16' daftari.csv

Ikatoa miwili. Karani, siku mbili tofauti, aliandika lita nne na nusu kama 4,5 badala ya 4.5. Koma ile imepasua siku moja kuwa mbili, na siku zote zinazofuata kwenye mstari huo zimesogea hatua moja kulia. Tukarekebisha kwa kuangalia daftari la karatasi. Kisha nikaiambia awk ijumlishe siku 14 za kila mtu na kuibandika jumla mwishoni kama safu ya 17. Jumla kuu ikalingana na ya mhasibu. Mpaka hapo ofisi ilikuwa na haki: hakuna lita iliyopotea.

Ninavyoyaweka sambamba

Natumia Vim, programu ya kuhariri maandishi matupu. Si kwa ushabiki. Inakimbia kwenye mashine yoyote niliyowahi kuigusa. Ukiifungua bila faili mara nyingi inakuomba usaidie watoto wa Uganda, na wengi hudhani ni tangazo la utapeli. Si utapeli. Bram Moolenaar, Mholanzi aliyeitoa mwaka 1991 na kufariki Agosti 2023, alikuwa akichangisha kwa ajili ya kituo cha watoto cha Kibaale, wilaya ya Rakai, kusini mwa Uganda karibu na mpaka wetu. Programu inayotumiwa dunia nzima, na eneo inalolitaja ni la wakulima wa hapahapa jirani.

    vim -O daftari.csv malipo.csv
    :windo set nowrap scrollbind

O kubwa inayafungua madirisha mawili, kushoto na kulia. `nowrap` inazuia mstari mrefu kuvunjika na kuendelea chini yake. Bila hiyo jedwali lenye safu 17 ni ugali uliomwagika. `scrollbind` inayafunga madirisha mawili kwa kamba moja: ukishuka huku, kule nako kunashuka. Ila fahamu kamba hiyo inafungwa pale madirisha yalipo wakati huo. Kama kushoto uko mstari wa 1 na kulia uko wa 5, vitatembea hivyohivyo, hatua nne tofauti, mpaka utoe amri ya `:syncbind`. Nimewahi kupoteza jioni nzima kwa hilo kwenye orodha ya wanakwaya, sitaki kulizungumzia.

Nikasogeza kila dirisha kulia mpaka nikaziona safu za lita. Kushoto jumla ya daftari, kulia lita za malipo. Herufi zilikuwa kubwa, kila dirisha lina nusu ya kioo kidogo cha inchi 13, kwa hiyo safu za mwanzo, namba na jina, zikawa zimetoka nje kushoto. Tukaanza kushuka. Mtu wa 1 mpaka wa 40, sawa na sawa, wazee wanaitikia kama kwenye sala. Halafu tukafika hapa:

    kushoto      kulia
    77           77,77000
    186          ,
    98           186,186000
    112          98,98000
    140          112,112000
    91           140,140000
    203          91,91000

(Bei halisi ya lita naiacha; hapa nimetumia 1,000 ili hesabu isomeke kwa macho.)

Nikapiga meza. "Nimelipata!" Mstari mtupu kwenye faili ya malipo umesukuma kila kitu chini hatua moja, kila mtu kalipwa ya aliyemtangulia. Katibu akaleta chai. Nikaufuta ule mstari mtupu kwa `dd`, na lita zote zikakaa, 186 kwa 186, 98 kwa 98, 112 kwa 112, mpaka mtu wa mwisho. Mistari 72 bila kosa hata moja. Mwenyekiti akasema tumshukuru Mungu.

Sasa tazama upumbavu wangu. Kama baada ya kufuta mstari mtupu lita zote zinalingana, basi nilikuwa nimethibitisha kwamba faili haina tatizo, kitu kilekile alichokisema mhasibu. Mstari mtupu haulipwi hela. Hausukumi malipo ya mtu. Ulisukuma macho yangu tu. Nilikuwa nimeponya ugonjwa wa kioo, na wagonjwa wako nje kwenye mvua.

Aliyeniokoa ni katibu. Alikuwa amesimama upande wa kulia, akaniomba nirudi nyuma kwenye majina. "Kaka, mbona huku ni Tusajigwe na kule ni Ambakisye?"

Kilichokuwemo

Nikirudisha majina, na nikiacha safu za kijiji, simu na NIDA, hivi ndivyo zilivyokuwa kabla sijaufuta mstari ule:

    41,Tusajigwe,186      ,,,,
    42,Gwakisa,98         77,Ambakisye,,186,186000
    43,Lusajo,112         52,Anyosisye,,98,98000
    44,Subilaga,140       88,Atuganile,,112,112000
    45,Bupe,91            103,Atupele,,140,140000
    46,Tumaini,203        64,Atupele,,91,91000
    47,Gwamaka,85         45,Bupe,,203,203000

Kushoto ni mpangilio wa kujiunga. Kulia, kuanzia mtu wa 41, majina yamepangwa kwa alfabeti, lakini lita zimebaki kwenye mpangilio wa kujiunga. Namba 45 kalipwa lita 203 za namba 46. Ambakisye kala maziwa ya Tusajigwe. Jumla haikubadilika kwa sababu hakuna hela iliyoongezeka wala kupungua. Watu ndio waliobadilishana viti.

Angalia tena upande wa kulia, kati ya jina na lita. Koma mbili zilizoshikana. Kwenye Excel hiyo ni safu nyembamba tupu ambayo mhasibu aliiacha ili karatasi ikichapwa isibanane, na jicho linaipita kama linavyopita ukingo wa daftari. Kwenye maandishi matupu inapiga kelele: `,,`. Na ule mstari wa `,,,,` ni nafasi aliyoiacha kutenganisha kijiji cha kwanza, watu 40, na cha pili, watu 72. Excel ukiiamuru ipange bila kuichagulia eneo, inakisia yenyewe jedwali linaanzia wapi na kuishia wapi, na mpaka wake ni mstari mtupu au safu tupu. Kwa hiyo kwa macho ya mhasibu lilikuwa jedwali moja. Kwa Excel yalikuwa manne.

Watu wa kijiji cha pili waliomba orodha ya ukutani iwe ya alfabeti ili wajione haraka. Mhasibu akabofya jina moja la kijiji hicho, akabofya A mpaka Z. Excel ikapanga kipande kimoja: namba, jina, kijiji, simu, NIDA. Lita na kiasi, ng'ambo ya ile safu tupu, havikuguswa. Onyo la kuuliza kama eneo lipanuliwe halikutokea, maana Excel huuliza hivyo pale unapochagua kipande cha jedwali, na yeye alibofya jina moja tu. Na kijiji cha kwanza hakikuguswa kabisa, ndiyo maana watu ishirini wa kwanza aliowakagua walikuwa safi.

Kwa haki yake niseme kwamba faili peke yake haithibitishi kuwa mambo yalikwenda kwa mfuatano huo. Angeweza pia kuwa alipanga majina kwanza, kisha akachapa lita kwa kufuata daftari la karatasi bila kuyatazama majina. Matokeo yangekuwa yaleyale. Yeye mwenyewe alikumbuka kuwa alipanga mwishoni. Umeme uliporudi tukajaribu kwenye nakala, jina likabofywa, A mpaka Z, na sote tukaona majina yanaruka na lita zimetulia kama ng'ombe wanaocheua. Mhasibu hakusema kitu kwa muda.

Kulifanya jicho lisidanganyike

Nilichokosea ni kuamini kwamba mistari miwili iliyo urefu mmoja kwenye kioo ni ya mtu mmoja. `scrollbind` inafunga namba za mistari, haijui wanachama. Ili kuyaweka majedwali sambamba kuwe na maana, kwanza uyalazimishe yawe na mpangilio mmoja kwa kitambulisho kisichojirudia, na hapo jina halifai. Kwenye kikundi hiki kuna Atupele wawili waliofuatana, na ukienda kwenye majina ya ukoo ni balaa zaidi: huku kwetu orodha ya ukoo ikipangwa kwa alfabeti inakuwa ukuta wa Mwa-, Mwa-, Mwa- kuanzia juu mpaka chini, tofauti zote zimejificha kwenye herufi ya nne na kuendelea, na karani mmoja anaandika gy ambapo mwingine anaandika g. Namba ya uanachama inatosha. Ndani ya Vim, kwenye kila dirisha:

    :2,$sort n

Inapanga kwa namba ya kwanza inayoikuta kwenye mstari, na `2,$` inaacha kichwa cha jedwali kisiguswe. (Faili zote hapa ni nakala. Ile ya asili usiipange kamwe, kwa sababu mpangilio wake mbovu ndio ushahidi. Ningeipanga mapema, nisingejua kamwe kuwa lita zilibaki kwenye foleni ya kujiunga.)

Pili, jina lisitoke kiooni. Excel ina kugandisha safu. Vim haina kwa jina hilo, lakini dirisha moja unaweza kuligawa mara mbili likaonyesha faili ileile:

    :vsplit
    :vertical resize 16

Kipande chembamba cha kushoto kinabaki kwenye namba na jina, kikubwa cha kulia unakisogeza utakavyo kwa `zl`, hatua moja moja, au `zL`, nusu ya dirisha. Vyote vinashuka pamoja, kwa sababu kwa kawaida `scrollbind` inafunga wima tu, si mlalo. Ukifanya hivyo kwa faili zote mbili unapata madirisha manne: jina, lita, jina, lita. Kwenye kioo kidogo ni kubanana, lakini punguza herufi na uwaombe wazee radhi.

Tatu, koma ni mbaya kwa macho. Baada ya kuhakikisha hakuna thamani yenye koma ndani, kwenye nakala ya kutazamia nilizigeuza zote kuwa tabo, nikaweka hatua ya tabo iwe pana:

    :%s/,/\t/g
    :set tabstop=14

Safu zikasimama wima kama mahindi ya mistari. Na safu tupu ya mhasibu ikawa pengo linaloonekana na mtoto.

Baada ya hapo sikuhitaji tena macho. Nilikata safu tatu tu kutoka kila faili, namba, jina na lita, zikiwa zimepangwa kwa namba, nikazifungua kwa `vimdiff`, ambayo ni Vim ileile ikipaka rangi mistari inayotofautiana. Ukimpa majedwali mazima yenye safu tofauti atapaka rangi kila mstari na hutajifunza kitu. Ni lazima umpe vitu vya aina moja. Wale 40 wa kwanza akawakunja karibu wote kama kitenge, kwa kuwa hawana tofauti. Chini yao mistari 69 ikawaka. Watatu kati ya 72 walikuwa wamelipwa sawa kwa bahati, wawili wao kwa kuwa aliyewaachia kiti alikuwa na lita sawa na zao, mmoja kwa kuwa alfabeti ilimrudisha palepale alipokuwa.

Kwa wasiotumia Vim: Emacs inafanya hayohayo, `C-x 3` kugawa na `scroll-all-mode` kufunga. Katibu nilimfundisha Notepad++, kwa sababu kompyuta ya ofisi ni ya Windows na sitaki kumpa mtu mwenye kazi zake adhabu ya kujifunza jinsi ya kutoka ndani ya Vim. Unahamishia faili ya pili upande wa pili wa dirisha, kisha kwenye menyu ya View unawasha usogezaji wa wima wa pamoja. Ukishikilia Alt na kuburuta kipanya unachagua safu wima peke yake, jambo ambalo alilifurahia kuliko mengine yote. Onyo ni lilelile: ukikata safu hiyo na kuibandika sehemu nyingine, umefanya kwa mkono kile Excel ilichomfanyia mhasibu.

Kusahihisha

Wazo la kwanza la ofisi lilikuwa kubadilisha lita 69 kwa mkono, kulia kwa kuangalia kushoto. Nilikataa. Mtu anayenakili namba 69 kwa macho akiwa na wazee watatu mgongoni atakosea mbili. Safu za kushoto za malipo, yaani namba, jina, simu, NIDA, zilisafiri pamoja na zilikuwa sahihi kwa kila mtu; safu ya lita ndiyo iliyobaki nyuma. Basi tulizitupa lita za malipo zote, tukaunganisha upya kwa namba ya uanachama kutoka daftari la kituo. Haikuchukua dakika tano, na betri ilikuwa imebaki asilimia 11.

Kisha nikaongeza safu moja ya tofauti: alichostahili toa alicholipwa. Jumla ya safu hiyo ilitoka sifuri, na lazima itoke sifuri. Isingetoka, tungekuwa na kosa la pili mahali pengine. Namba 45: kasoro 112,000. Namba 46, aliyestahili 203,000, alikuwa kapata 69,000: ongeza 134,000.

Hela ndiyo ilikuwa ngumu kuliko faili. Kikao kilikaa Jumamosi, mwenyekiti akabandika ukutani majedwali yote mawili, yaliyokosewa na yaliyosahihishwa, yakitazamana, mstari kwa mstari kwa namba. Nadhani hapo ndipo alipookoa kikundi, zaidi ya amri zangu zote, kwa maana kila mtu alimwona aliyekaa na hela yake na kuona kwamba hata huyo hakuichukua kwa kusudi. Wengi waliozidishiwa walikuwa wameshaitumia: ada, pumba, mmoja kalipia bati. Wakakubaliana ikatwe kidogokidogo kwa malipo manne yanayofuata, na waliopunjwa walipwe sasa kutoka akiba. Mama wa namba 45 alikuwa ameshazirudisha zake zote siku ya kwanza, ofisi ikazikataa. Sasa wakamwomba azilete tena. "Ndaga," yaani asante, akasema, akafungua kitambaa palepale.

Mhasibu bado ni mhasibu. Safu tupu imeondolewa, mstari wa kutenganisha vijiji umeondolewa, na orodha ya ukutani sasa inatengenezwa kutoka nakala ambayo hailipi mtu. Katibu, kila siku ya 14 usiku, anafungua faili mbili kwenye Notepad++ na kunitumia picha ya kioo WhatsApp hata kama sikuuliza. Mara ya pili alikuta mstari mmoja haulingani, nusu lita, karani kaisahau.

Aliyebaki ni namba 91. Alizidishiwa 38,000, na kabla ya kikao alikuwa ameshakwenda Chunya kwenye dhahabu, simu haipatikani. Jina lake halijafutwa. Katika faili ya karani yupo kila baada ya wiki mbili, kati ya 90 na 92, na mbele yake sifuri kumi na nne.